Gunzi la Nani?

Mwezi wa saba, mahindi yakiwa yameshavunwa, nilishuka Kasanga na magunia mawili matupu. Ukitoka Sumbawanga kwa njia ya Matai unasafiri zaidi ya kilomita 100. Sehemu kubwa ya safari ni uwanda wa juu wenye baridi, nyasi upande huu na nyasi upande ule, halafu barabara inaanza kuteremka na baada ya muda mfupi koti linageuka mzigo. Chini kabisa lipo Ziwa Tanganyika, bandari, mitumbwi, na harufu ya dagaa walioanikwa. Shangazi yangu anaishi hapo. Shamba lake lipo juu, upande wa Matai, na kila mwaka akishapukuchua mahindi huyashusha pamoja na magunzi yake kwenye gari moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Na hayo magunia?"

"Nimekuja kuomba magunzi."

"Umepanga chumba kisicho na jiko?"

"Hapana. Nayapeleka maabara, chuoni. Tunatengeneza kaboni ya kuhifadhi umeme. Tunatumia taka za mashambani."

Neno taka lilinitoka kwa wepisi uleule ninaoliandika nao kwenye maandiko ya utafiti. Shangazi aliweka ungo chini.

"Taka ipo wapi hapa?"

Akaanza kunihesabia. Gunzi huwasha moto asubuhi kuni zikiwa na umande. Gunzi huivisha maharage pale ambapo mkaa umeisha na hela haijapatikana. Gunzi huziba mdomo wa dumu la mafuta lililopoteza kifuniko. Majivu yake huchanganywa na maharage ya mbegu ili yasibunguliwe, na maji ya majivu yaliyochujwa hulainisha mboga ngumu. Kuna matumizi mengine ya chooni ambayo aliyataja huku akicheka, akaniuliza kama chuoni tumeyasahau. Mwisho akasema, "Ukibeba magunia mawili, mimi nitanunua mkaa. Lakini wewe ni mtoto wangu, chukua."

Nilichukua. Nilipokuwa nafunga mdomo wa gunia la pili nilijua kwamba nimepewa kitu na kwamba nilikuwa nimekitukana kabla ya kupewa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo halimo kwenye somo lolote la kemia nililofundishwa: kitu kinakuwaje taka? Na nani ana haki ya kukiita hivyo?

Niseme kwanza kwa nini tunayataka hayo magunzi, maana tamaa yenyewe si ya kipuuzi. Chukua gunzi kavu, lipashe moto mahali ambapo hewa haiingii, nyuzi 500 au 600 za Selsiasi. Maji hutoka kwanza, kisha moshi na lami, na kinachobaki ni mkaa. Hatua hii kila mchoma mkaa anaijua. Ndiyo maana hufukia magogo yake kwa udongo. Hatua ya pili ndiyo ya maabara. Mkaa husagwa, ukachanganywa na potasiamu haidroksaidi, ukarudishwa kwenye tanuru lililojaa gesi ya naitrojeni, nyuzi 700 hadi 900. Potasiamu huutafuna mkaa kwa ndani na kuacha vitundu vidogo mno, vingi vikiwa na upana usiofika nanomita 2. Kisha unga huo huoshwa kwa asidi na kwa maji mengi mpaka uchungu wote utoke. Kilichobaki huitwa kaboni amilifu. Ni unga mweusi, mwepisi, unaoshika vidole kama masizi, na ukiutazama kwa macho huoni cha ajabu. Lakini ungeweza kukunjua kuta zote za vitundu vyake na kuzitandaza chini, gramu moja ingefunika mita za mraba 1,000, hata 2,000 na zaidi. Vijiko viwili vya chai vya unga mzuri wa aina hiyo vingeweza kukaribia au hata kuzidi uwanja wa mpira.

Eneo hilo ndilo tunalolitafuta. Elektrodi mbili za kaboni hiyo huwekwa ndani ya kimiminika chenye ayoni. Ukichaji, ayoni chanya hukimbilia upande mmoja na ayoni hasi upande mwingine, zikajipanga kwenye kuta za vitundu bila kuungana na kaboni yenyewe. Umeme umehifadhiwa katika mpangilio huo tu. Ukiwasha taa, ayoni huachia. Kwa kuwa hakuna kinachochakaa kikemia, kifaa hicho, ambacho huitwa superkapasita, hujaa kwa sekunde na huweza kuchajiwa mara laki kadhaa. Betri ya simu yako huanza kuchoka baada ya mara mia kadhaa.

Na mmea ndio mwanzo mzuri wa kaboni hiyo, kwa sababu mmea ulikuwa na mifereji yake tayari. Superkapasita nyingi zinazouzwa duniani hutumia kaboni ya vifuu vya nazi. Kaboni ya vifuu hutumika pia kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, Chunya na Geita, ambako mchimbaji mdogo asiyejua lolote kuhusu elektrodi huijua kwa jina lake, "kaboni", na hujua bei yake. Kifuu cha nazi, kilekile ambacho watu wa pwani walikifanyia upawa na kata, leo kina vitundu vinavyouzwa kwa gramu.

Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, walichapisha kazi kuhusu kaboni ya superkapasita waliyoipata kutokana na tope linalobaki kwenye mtambo wa biogesi. Niliisoma kwa fahari. Hatimaye, nilijiambia, yupo mtu anayeandika juu ya kinyesi cha ng'ombe wa Tanzania kwa lugha ya mita za mraba na nyuzi za joto. Ni kazi ya aina hiyo iliyonipeleka Kasanga. Lakini baada ya maneno ya shangazi nilirudi kuisoma kwa jicho lingine. Tope la biogesi, mfugaji yeyote mwenye mtambo atakuambia, ni mbolea nzuri kuliko samadi mbichi. Sisemi kwamba waliolitumia walikosea. Gramu chache za maabara hazimnyimi mtu mbolea. Swali ni nini kitatokea siku gramu zikiwa tani. Nani atakuwa ameshalizoea tope lile kabla kiwanda hakijafika na kusema linatupwa?

Neno taka lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuelezea: hiki kimebaki, hakitakiwi. Kazi ya pili haionekani haraka: ni kutoa ruhusa. Kitu kikishaitwa taka, anayekichukua haombi, halipi, na hashukuru. Zaidi ya hapo, anaonekana mtu mwema, kwa sababu amesafisha.

Kasanga ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, maana mji huu umewahi kuchukuliwa kwa neno la namna hiyo. Wajerumani waliuita Bismarckburg, na magofu ya boma lao bado yapo juu ya ziwa. Novemba 1895 serikali yao ilitoa amri iliyotangaza kwamba ardhi ya koloni la Afrika Mashariki haina mwenyewe, kwa hiyo ni mali ya Dola, isipokuwa pale ambapo mtu, chifu au jamii ingethibitisha madai yake. Angalia ujanja wa amri hiyo. Haikusema "tunanyang'anya". Ilisema hakuna mwenyewe, kisha ikamwachia mwenyewe kazi ya kuthibitisha kwamba yupo, mbele ya hakimu aliyekwisha kuamua.

Fikra hiyo ilikuwa na wazee wake. John Locke, katika kitabu chake juu ya serikali kilichotoka mwaka 1689, alifundisha kwamba mtu hukifanya kitu cha asili kuwa chake kwa kukichanganya na jasho lake. Ardhi isiyolimwa, kwa maoni yake, ilikuwa imepotea bure, na mifano yake aliichukua Marekani, kwenye ardhi iliyokuwa na watu. Ila aliweka sharti moja ambalo waliomfuata walilisahau upesi: mchukuaji abakishe kiasi cha kutosha, na kizuri vilevile, kwa ajili ya wengine. Mimi na magunia yangu mawili nilikuwa Locke bila sharti. Jasho lilikuwa la maabara, kwa hiyo kaboni ni yangu. Gunzi lilikuwa limelala tu.

Lakini gunzi halikuwa limelala. Juu kule Ufipa hata majani yanayooza yana kazi na yana kalenda. Wafipa walibuni kilimo cha matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mvua zikielekea mwisho, mkulima hukwatua nyasi na kuzifunika kwa udongo, tuta moja baada ya jingine, mpaka shamba zima linaonekana kama limejaa vichuguu. Nyasi huoza ndani. Juu ya tuta hupandwa maharage au mboga. Mvua za msimu unaofuata zikianza, matuta hubomolewa, udongo mweusi husambazwa, na ulezi au mahindi hupandwa. Mgeni aliyepita wakati wa kiangazi angeweza kusema hapa kuna magugu tu, nyika. Kwa mwenye shamba, magugu yale ndiyo mbolea ya mwakani iliyokuwa inasubiri jembe.

Nadhani hapa ndipo kosa letu linapoanza, sisi wa maabara. Tunaona kitu kwa siku moja, siku tunayokikuta. Mwenyewe anakiona kwa mwaka mzima. Gunzi la mwezi wa saba ni takataka ukilipiga picha ya siku moja. Ukilifuata mpaka mwezi wa kumi na mbili, ni moto, ni majivu, ni mbegu isiyobunguliwa. Hata kama lingeachwa shambani lioze, ndani yake kuna potasiamu ambayo mahindi yaliivuta kutoka ardhini, na ardhi inaidai. Kuna kichekesho kichungu hapo. Tunalitoa gunzi shambani pamoja na potasiamu yake, kisha tunanunua potasiamu haidroksaidi iliyotoka ng'ambo ili tulitoboe, kisha mkulima naye ananunua mbolea ya dukani ili kurudisha alichokosa. Maji ya majivu ya shangazi yangu yana chumvi ya potasiamu iliyo ndugu wa hiyo tunayoinunua.

Sasa niwape nafasi wanaonipinga, maana nimewahi kuwa mmoja wao, na siku nyingine bado ni mmoja wao.

Wa kwanza anasema: unaupamba umaskini. Shangazi yako anapika kwa magunzi kwa sababu hana gesi, na moshi ule unamuua polepole. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Nimekaa kwenye jiko lake, nimetoka macho yakiwa mekundu. Sitaki kuandika kana kwamba moshi ni urithi. Lakini hoja hii haimalizi kazi inayodai kuifanya. Ukimwondolea mtu magunzi hujamwondolea moshi, umembadilishia moshi. Alinieleza mwenyewe: atanunua mkaa. Na mkaa unatoka kwenye miombo, kwenye miti iliyochukua miaka mingi kukua. Hivyo kaboni yangu, ambayo kwenye karatasi ilitoka kwenye taka na haikukata mti hata mmoja, ilikata mti mahali ambapo mimi sikuwepo. Kama kweli moshi wake ndio unaotusumbua, tuanze kwa kumpelekea jiko, halafu ndipo tuombe magunzi yaliyobaki.

Wa pili anasema: magunzi ni mengi. Mkoa wa Rukwa ni mmojawapo wa mikoa inayoilisha nchi mahindi, na baada ya mavuno kuna mashamba ambako mabua na magunzi hupigwa kiberiti ili kurahisisha kulima. Yale yanayochomwa shambani bure, kwa nini yasiwe elektrodi? Hoja hii ina nguvu, na nakubali sehemu yake kubwa. Ziada ipo. Ila ziada hujulikana kwa kuuliza, na haijulikani kwa kutazama. Jirani anayechoma mabua yake mwezi wa tisa huenda amemruhusu mfugaji apitishe ng'ombe mwezi wa nane. Na ziada yenye bei huacha kuwa ziada. Siku kiwanda kitakapotangaza kwamba kilo moja ya magunzi ni shilingi kadhaa, mwenye ekari 50 atauza. Mama mwenye nusu ekari, aliyekuwa akiokota magunzi kwenye uwanja wa mashine ya kupukuchulia, atakuta geti. Yeye hakuwahi kumiliki magunzi yale. Alikuwa anaruhusiwa tu, na ruhusa ya aina hiyo haiandikwi popote.

Wa tatu ndiye anayeniumiza zaidi. Anasema: wakati wewe unajiuliza maswali, wengine wanatengeneza. Vifuu vya pwani vitaondoka vikiwa mkaa ghafi na vitarudi vikiwa kifaa chenye nembo, na utanunua. Uadilifu wako ni anasa ya kuchelewa. Huyu namjibu kwa shida. Nataka elektrodi zitengenezwe hapa. Nataka mtoto wa Kasanga asome kemia bila kudhani kwamba tanuru la nyuzi 900 ni kitu cha kutoka nje.

Na kwa kweli si cha kutoka nje. Uwanda wa Ufipa una mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma na malundo ya mavi ya chuma yaliyozama kwenye nyasi. Tanuru la Kifipa lilikuwa la udongo, urefu wa mita 3 hivi, pana chini na jembamba juu. Halikuvukutwa. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, kama bomba la moshi linavyovuta, na mkaa wa miti migumu uliokuwa ndani ulifanya kazi mbili: kutoa joto na kunyang'anya madini oksijeni yake. Baadaye chuma kilisafishwa kwenye tanuru dogo, ndipo yakafuliwa majembe. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya dukani yalipojaa. Wanaakiolojia, miongoni mwao Bertram Mapunda, wameiandika kwa kina.

Sitaki kuwafanya wahunzi wale malaika. Tanuru lilikula miti, na mingi. Jambo linalonivuta ni kwamba walikuwa na miiko. Tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi. Wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Kulikuwa na dawa, na nyimbo, na mambo ambayo mtu hakuyafanya akiwa karibu na moto ule. Mkemia atasema miiko ile haikuongeza joto hata nyuzi moja. Ni sawa, haikuongeza. Lakini ilimwambia mhunzi kitu ambacho kitabu changu cha maabara hakiniambii: kwamba anayechukua jiwe, mti na udongo na kuvigeuza kitu kingine amejiingiza katika deni, na hawezi kuendelea kuishi siku hizo kama kwamba hajafanya lolote. Kitabu changu kina kanuni za usalama. Kinaniambia nivae miwani na glavu. Kinanilinda mimi.

Kwa hiyo nimejaribu kujiandikia miiko yangu ya kaboni. Ni mitatu, na sidhani kama inatosha.

Mwiko wa kwanza: usiite kitu taka mpaka umeuliza kilikuwa kinafanya nini kabla hujafika. Umuulize anayekigusa kila siku, maana mwenye hati ya shamba huenda hajui gunzi linakwenda wapi. Na uulize kwa mwaka mzima, si kwa siku ya ziara.

Mwiko wa pili: usiache mtu mwingine alipe sehemu ya gharama ambayo wewe huioni. Kuosha kaboni kunatumia maji mengi, na maji hayo hutoka na chumvi, asidi na mabaki ya potasiamu. Chuoni yanaingia kwenye sinki na nasahau. Kasanga hakuna pa kusahau. Ziwa Tanganyika lina kina kinachozidi mita 1,400 na lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yanayoingia humo hukaa mamia ya miaka. Kiwanda kitakachosema kinasafisha mashamba na huku kinamwaga maji ya kuoshea ziwani kitakuwa kimehamisha taka kutoka mahali zinapoonekana hadi mahali dagaa wanapozaliana.

Mwiko wa tatu: kinachotoka kirudi, angalau kwa sehemu, kwa yule kilikotoka. Huu ndio mgumu, na ndio unaonilazimu kusema ukweli juu ya kile tunachokitengeneza. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufukweni Kasanga unaona taa za wavuvi zimetanda ziwani kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri. Nilipokuwa naandika andiko langu la utafiti niliweka sentensi kuhusu wavuvi hao, kwamba kaboni ya magunzi ingeweza kuwapa mwanga. Ilikuwa sentensi nzuri, na ilikuwa karibu na uongo. Kilo moja ya superkapasita hubeba kama wati-saa 5, wakati kilo moja ya betri ya lithiamu hubeba 150 hadi 250. Taa ya wati 5 ingewaka kwa saa moja tu, kisha mvuvi angekaa gizani na nyavu zake. Superkapasita hufaa pale umeme unapohitajika kwa nguvu na kwa ghafla: kuwasha injini, kunasa nishati ya gari linapofunga breki, kutuliza umeme unaoyumba. Kwa taa ya usiku kucha huenda kaboni ya aina nyingine, ile kaboni ngumu inayotumika kwenye betri za sodiamu, ingefaa zaidi, nayo pia hutengenezwa kwa mimea. Lakini hiyo si ile niliyokuwa naitengeneza. Niliwaazima wavuvi wa Kasanga ili andiko langu lionekane lina huruma. Hilo nalo ni kuchukua bila kuomba.

Sentensi ile niliifuta. Niliandika badala yake kwamba kaboni hii haitawasha taa za Kasanga moja kwa moja, na kwamba ikiwa itazaa fedha, lipo swali la nani alitoa gunzi. Msomaji mmoja wa rasimu alinishauri niondoe hilo la pili, akisema si la kisayansi. Nimeliacha.

Bado sijasema kilichotokea kwa magunia mawili. Maabara haikuhitaji magunia mawili. Kwa majaribio yote ya mwaka ule tulihitaji pengine kilo moja ya magunzi, au mbili kama tungeharibu mengi. Katika kilo 10 za magunzi makavu hupatikana kilo 2 au 3 hivi za mkaa, na kuutoboa huupunguza tena, lakini hata hivyo elektrodi moja ya majaribio ina miligramu chache tu. Nilichukua magunia mawili kwa sababu hayakuwa na bei. Kama shangazi angeniambia kila gunia ni shilingi elfu tano, ningechukua mfuko wa rambo. Yaliyobaki yaliwekwa stoo, yakanyeshewa na mvua iliyopenya paa, yakaota ukungu, na siku moja mfanyakazi wa usafi aliyatoa nje na kuyamwaga jalalani. Hapo ndipo hatimaye yakawa taka. Tuliyafanya taka sisi wenyewe, watu tuliokuja kuyaokoa.

Watu husimulia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi: mgeni anayeingia mjini aache nje alichokuja nacho cha kudhuru. Kila ninapopita pale stendi nikielekea ziwani huwa najiuliza ningepaswa kutupa nini. Elimu yangu siwezi kuitupa, na sitaki. Labda ule wepesi wa kusema neno moja na kuamini kwamba nimekwisha kukijua kitu.

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi Kasanga na kichupa cha dawa chenye unga mweusi, robo tu. Nilimpa shangazi akakishika kwenye mwanga wa mlango.

"Ndiyo magunzi yangu haya?"

"Ni sehemu ndogo."

"Na mengine?"

Nilimwambia ukweli, stoo, ukungu na jalala. Alinyamaza kidogo. Hakukasirika; ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Ungeyaacha," alisema, "ningepikia."

Nilikuwa nimemletea gunia la mkaa, nikijua kabisa lilikotoka, na nilipolishusha kwenye gari niliona aibu mara mbili. Alilipokea akanishukuru. Kichupa alikiweka kwenye rafu, kati ya chumvi na kibiriti. Msimu ujao nitashuka tena na nitaomba tena, lakini nitaomba mfuko mmoja, baada ya kumuuliza ni kiasi gani kitabaki mpaka mvua. Nimeshamwambia hivyo kwa simu. Alijibu kwamba itategemea na mahindi.